Jūs ya Kilituania si shikamoo

Nimeisikia tena juzi, safari hii kwenye ujumbe wa sauti wa mdogo wangu anayesoma Kaunas, mji wa Lituania: "Huku kuna 'tu' na 'jūs', maneno mawili ya kumwambia mtu 'wewe'. Jūs ndiyo lugha rasmi, shikamoo yao. Tu ni ya watoto na utani." Mara ya kwanza nilimwachia, ya pili nikacheka. Hii ni ya nne.

Maana yenyewe haichukui muda. Kilituania kina viwakilishi viwili vikuu vya kumwambia mtu mmoja "wewe". Tu ni umoja. Jūs ni wingi, yaani "ninyi", ila humwendea pia mtu mmoja usiyemzoea, na kitenzi kikafuata wingi: tu žinai, unajua, jūs žinote, mnajua, au unajua wewe nisiyekuzoea. Katika barua, Jūs ya mtu mmoja huanza kwa herufi kubwa. Basi.

Kinachonikera ni hilo neno "rasmi". Kwetu rasmi ni barua yenye muhuri, ni hotuba ya mgeni wa heshima. Jūs haihitaji muhuri. Mdogo wangu mwenyewe alinisimulia siku aliyokwenda sokoni kununua duona, mkate wao mweusi. Muuzaji ni bibi wa kufunga kilemba kidevuni, umri wa kupewa shikamoo mbili, naye akamuuliza kijana wa miaka 19: "Ko norėtumėte?" Mngependa nini? Kijana akageuka nyuma kuangalia kaja na nani. Alipokuta yuko peke yake akadhani anakejeliwa.

Hapo ndipo mfano wa shikamoo unapovunjika. Shikamoo hupanda, haishuki: mdogo huitoa, mkubwa hurudisha marahaba, na bibi akimwamkia mjukuu shikamoo ujue ni mzaha. Jūs huenda na kurudi. Watu wazima wawili wasiojuana huambiana jūs wote wawili, awe daktari na mgonjwa au dereva na abiria. Inapima umbali kuliko inavyopima umri. Na tu nayo si dharau. Sala ya Bwana kwa Kilituania huanza "Tėve mūsų, kuris esi danguje", na hiyo esi ni kitenzi cha tu. Mungu anaambiwa tu, na mama mzazi vivyo hivyo katika nyumba nyingi siku hizi, ingawa zamani, hasa vijijini, zilikuwapo familia ambazo watoto waliwaambia wazazi jūs.

Wanaopenda kugawa lugha vyumba viwili, rasmi na isiyo rasmi, husahau pia kwamba kuna chumba cha tatu: tamsta. Hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote mawili. Limetokana na tavo mylista, "fadhila yako", ambapo tavo ni "-ako" ya Kilituania na mylista imetoka kwa majirani wao Waslavi. Ulimi ukalisaga hadi likabaki tamsta, kama sisi tulivyoisaga "nashika miguu yako" mpaka watoto wanaisema bila kufikiria mguu wa mtu. Wahispania nao walifanya vivyo hivyo, wakatoka na usted, "wewe" yao ya heshima. Raha ya tamsta ni kwamba ni ya heshima kabisa, lakini mara nyingi kitenzi chake hubaki cha umoja: tamsta žinai, sawa na tu. Kwa hiyo hata ile kanuni ya "heshima ni wingi" haisimami. Leo linanuka ukale kidogo. Mwingine hulitumia kwa utani, mwingine kwa ubaridi.

Vyeo navyo vina safari zao. Ponas, na kwa mwanamke ponia, asili yake ni pan ya Kipolandi, bwana mwenye mali na watu chini yake, kisha likawa la kila mwanamume, njia ileile iliyopitwa na "bwana" yetu. Wakati wa utawala wa Kisovieti ponas aliwekwa kando, watu wakaitana draugas, "rafiki", kwa maana ya komredi. Aliyekulia enzi za "ndugu" Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Uhuru uliporejeshwa mwaka 1990, ponas alirudi ofisini na draugas akarudi kuwa rafiki tu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, yule bibi wa mkate hakukukejeli, wala hakukupandisha cheo. Hakujui tu. Mjibu kwa jūs, umwambie laba diena, "siku njema", badala ya ile labas, "mambo", ya wenzako wa bwenini. Umri unaingia baadaye, mkishazoeana: anayetoa ruhusa ya kuhama ni mkubwa, si wewe. Siku moja huenda akasema gal pereikime prie tu, labda tuhamie kwenye tu, akutajie na jina. Akisema ni Birutė, usimwite hivyo hivyo. Katika kuita, ile ė ya mwisho hulainika. Ni Birute.