Mtoto mchanga anajuaje kuwa kuna mtu mwingine?

Wengi wakisikia habari ya kumfundisha mtoto kwa mguso na mchezo wanawaza masaji na midoli tu, lakini hasa kinachozungumziwa ni mtoto kugundua kwamba kuna mtu mwingine ambaye siyo yeye, ana mwili wake na nia yake, na ukimfanyia kitu anajibu.

Na hii inaanza mapema sana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa saikolojia ya watoto, Philippe Rochat na Susan Hespos, waliangalia vichanga kabisa, wakaona kidole cha mtu kikigusa shavu mtoto anageuza kichwa kama anatafuta ziwa, ila mkono wake mwenyewe ukigusa shavu hilohilo hageuki kivile. Hajui hata jina lake bado, lakini mwili ushaanza kutofautisha mimi na mwingine!

Ngozi nayo ina mishipa ya fahamu inayopenda kupapaswa taratibu, kama sentimita 1 mpaka 10 kwa sekunde, ndo ile spidi ambayo mzazi anaitumia bila hata kufikiria. Kwa hiyo huna haja ya kununua chochote.

Sasa kwenye mchezo, mimi naona jambo kubwa kuliko yote ni kupokezana. Miaka ya 1970 huko Marekani mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaambia kina mama wacheze na watoto wao kama kawaida, alafu ghafla wakaushe uso, wasitabasamu wala kujibu chochote, na watoto wa miezi michache tu wakaanza kutabasamu, kupiga kelele na kunyoosha mikono wakimtafuta mama arudi, wakishindwa wanageukia pembeni au wanalia. Maana yake mtoto alikuwa anasubiri jibu, yeye siyo wa kutazama tu.

Ndo maana ukimtekenya usimtekenye mfululizo. Tembeza vidole kutoka mguuni kwenda tumboni, simama kabla hujafika, mwangalie usoni, subiri. Mpe muda jamani, kichanga anachelewa kujibu kuliko mtu mzima. Ukirudia rudia siku nyingi utamwona anajikunja na kucheka kabla hujamgusa, na hapo ameshasoma unachotaka kufanya, yaani ameingia kwenye nia ya mtu mwingine. Kwenye miezi tisa hivi anaanza kuangalia kitu alafu anakuangalia wewe, kuona kama na wewe umekiona.

Akigeuza uso, akipinda mgongo, au akianza kupiga miayo, amechoka, acha kwanza, atarudi mwenyewe. Watu wengi hapa ndo wanazidisha kwa sababu mtoto bado anacheka, wakati kicheko cha kutekenywa kinaweza kutoka hata kama hataki tena. Na kama amefika miezi mitatu hajawahi kumtabasamia mtu, mpeleke kliniki aangaliwe, usisubiri.