Misuli haisukumi, na vidole havina misuli: dhana potofu na ukweli wake

Mtu akifoka kwa hasira tunasema mishipa ya shingo imemtoka. Mtazame vizuri siku nyingine, ukiwa mbali kidogo. Ule mkambaa mnene unaotokeza kuanzia nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga ni msuli, ule unaogeuza kichwa kutazama kando. Mshipa wa damu upo hapo pia, umepita juu yake, lakini ni mwembamba zaidi.

Kiswahili cha kila siku kinaita "mshipa" karibu kila kitu chenye umbo la kamba mwilini: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano, hata msuli wenyewe ukikaza usiku wa manane. Kwa hiyo tuziweke kando kando kwanza. Msuli ni nyama yenyewe, mnofu. Kano ni kamba ngumu nyeupe inayofunga msuli kwenye mfupa. Neva, yaani mshipa wa fahamu, huleta amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mshipa wa damu huleta chakula na oksijeni na kuondoa taka. Ninayoizungumzia hapa ni misuli ya mifupa, si ya moyo wala ile laini ya tumbo na matumbo. Ni zaidi ya 600. Idadi hutofautiana kati ya kitabu na kitabu kwa sababu kile ambacho mtaalamu mmoja anakihesabu kuwa msuli mmoja, mwenzake anakigawa mara mbili au tatu. Ukisikia mtu anataja namba moja kamili kwa kujiamini, usibishane naye, wala usimwamini sana.

"Msuli ukitunishwa unajaa"

Tunasema kutunisha misuli, na kutuna ni kujaa. Macho yanakubali: kunja mkono, na kifundo kinachomoza. Huko Ulaya wasomi waliliamini hilo kwa karne nyingi. Walidhani kuna mvuke fulani wa uhai unaoteremka kutoka kwenye ubongo kupitia neva na kuujaza msuli kama kibofu kinavyojazwa pumzi.

Katika miaka ya 1660 Mholanzi Jan Swammerdam alilipima jambo hilo. Alichukua msuli wa chura pamoja na neva yake, akaufungia kwenye chombo cha kioo chenye shingo nyembamba, na katika shingo hiyo akaweka tone la maji. Kama msuli unajaa, tone lazima lipande. Akaivuta neva, msuli ukajikunja, tone halikupanda. Kilichoongezeka kwenye unene kilikuwa kimepungua kwenye urefu.

Jinsi unavyofupika ilieleweka karibu miaka 300 baadaye. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili, yalichapisha matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature. Ndani ya msuli kuna nyuzi nyembamba za aktini na nene za miosini. Nyuzi zenyewe hazifupiki hata kidogo. Zinateleza na kupishana, kama unavyochomeka vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine na kuvisogeza ndani. Kujaa kwa kweli hutokea baada ya mazoezi mazito, damu na maji vinapokimbilia kwenye msuli uliofanya kazi, na baada ya muda mfupi hupungua. Waliopiga picha kwenye kioo cha jimu wanalijua hilo.

"Kuna misuli ya kuvuta na misuli ya kusukuma"

Msuli wa mifupa una kazi moja tu: kuvuta. Hata kwenye pushapu. Traisepsi, iliyo nyuma ya mkono wa juu, huvuta ncha ya kiwiko, na mkono unanyooka. Msuli wa kifua huvuta mfupa wa mkono wa juu kuuleta mbele. Ardhi inasukumwa, lakini ndani ya mwili kila kitu kimevutwa.

Kwa kuwa msuli hauwezi kujirudisha urefu wake wenyewe, unahitaji mwenzake wa upande wa pili. Baisepsi, iliyo mbele ya mkono wa juu, hukunja kiwiko, traisepsi hukinyoosha. Kwadrisepsi ya mbele ya paja hunyoosha goti, misuli ya nyuma ya paja hulikunja. Msuli wa mbele ya muundi huinua wayo, vigimbi huushusha.

"Baisepsi ndiyo nguvu ya mkono"

Ndiyo inayoonekana, basi. Sehemu kubwa ya unene wa mkono wa juu ni traisepsi. Na katika kukunja kiwiko, mfanyakazi mkuu ni msuli mwingine uliofichwa chini ya baisepsi, unaoitwa brakialisi, ambao hakuna anayeupiga picha. Baisepsi ina kazi nyingine kubwa inayosahaulika: kugeuza kiganja kitazame juu. Kunja kiwiko chako nusu, shika baisepsi kwa mkono wa pili, kisha geuza kiganja juu na chini. Utauhisi ukiruka. Ndiyo sababu mwenye kutumia mkono wa kulia ana nguvu zaidi anapokaza skrubu kwa bisibisi kuliko anapoilegeza.

"Vidole vina misuli yake"

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ushahidi uko mikononi mwako sasa hivi. Ndani ya vidole hamna msuli hata mmoja wa kuvikunja au kuvinyoosha. Kuna mifupa, ligamenti (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa), kano, neva, mishipa ya damu na ngozi. Misuli yenyewe iko kwenye kiganja na, ile yenye nguvu, kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kano zake hupita kifundoni na kufika hadi kwenye mifupa ya vidole, mithili ya kamba za kikaragosi.

Shika kigasha cha kushoto kwa mkono wa kulia, karibu na kiwiko, halafu chezesha vidole vya kushoto kana kwamba unapiga kinanda. Nyama inayotambaa chini ya mkono wako ndiyo inayoendesha vidole vilivyo mbali nayo. Zile kamba zinazotokeza mgongoni mwa kiganja unaponyoosha vidole ni kano. Zenye rangi ya samawati zinazobonyea ndiyo mishipa ya damu.

Sasa weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka. Inua kidole gumba: kinainuka. Inua cha shahada, inua cha mwisho: vinainuka. Inua kidole cha pete. Kimegoma, sivyo? Mgongoni mwa mkono kano yake imeunganishwa na za majirani zake, na cha kati kikikunjwa kinaivuta na kuishikilia. Hujapooza.

Jambo jingine la ajabu. Gusanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kunja kidogo kifundo cha mkono. Wengi wataona kano nyembamba ikichomoza katikati ya kifundo. Wengine hawataona chochote, kwa kuwa wamezaliwa bila msuli wenye kano hiyo, na maisha yao yote hawajaukosa. Madaktari wa upasuaji huipenda kano hiyo: huichukua kuzibia pengo la kano iliyokatika kwingine, na mwenyewe haoni tofauti ya maana.

"Ulimi ndio msuli wenye nguvu kuliko yote"

Ulimi hauna mfupa, tunasema, na ni kweli. Ila si msuli mmoja: ni misuli minane iliyosokotana. Na swali la nguvu halina jibu moja. Ukitaka ukubwa, ni msuli mkubwa wa tako. Ukitaka kubana, ni maseta wa taya. Urefu ni wa satoriusi, unaotoka nyonga na kukatiza paja hadi upande wa ndani wa goti. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la fundi cherehani, kwa sababu ya ule ukaaji wa kukunja miguu. Na mdogo kuliko yote, wa milimita sita hivi, umo ndani ya sikio, ukidhibiti kijifupa kimoja ili sauti kubwa zisikuumize.

"Mazoezi ya tumbo huondoa kitambi"

Hapa watu wengi wamepoteza jasho lao. Msuli wa mbele ya tumbo, unaopanda kutoka kwenye kinena hadi mbavuni, kila mtu anao, mwenye kitambi na asiye nacho. Umekatwa na mistari ya kano inayoufanya ugawanyike vipande vipande, na idadi na mpangilio wa vipande hivyo umezaliwa navyo. Hakuna zoezi linaloongeza kimoja. Mafuta yamelala juu yake, na mengine nyuma yake kuzunguka matumbo. Msuli unapofanya kazi hauchomi mafuta ya jirani yake. Unapokea mafuta yaliyoletwa na damu kutoka sehemu zote za mwili, na mwili ndio unaoamua utoe wapi kwanza.

Tena, yule anayelala chali na kuinuka hadi akae wima, sehemu kubwa ya safari hiyo hainuliwi na tumbo. Inafanywa na misuli ya nyonga, mmoja wao ukiwa umejishika kwenye pingili za kiuno na kuteremka hadi kwenye mfupa wa paja. Ndiyo sababu wengine humaliza zoezi la tumbo wakilalamikia kiuno. Misuli ya tumbo ina kazi kubwa zaidi ya kuonekana: huushikilia uti wa mgongo na hubana tumbo unapokohoa, unapoinua mzigo, na mama anapoambiwa "sukuma" wakati wa kujifungua.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi iliyoganda"

Asidi inayolaumiwa ni ya laktiki, au laktati. Laktati inayoongezeka wakati wa zoezi kali hurudi kwenye kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, na si taka: moyo huitumia kama kuni, ini huigeuza kuwa sukari tena. Maumivu yanayoanza siku ya pili na kukomaa siku ya pili au ya tatu yana chanzo kingine, majeraha madogo ndani ya nyuzi pamoja na uvimbe unaofuata. Muulize aliyepanda mlima na kushuka. Kupanda ndiko kunakomhemesha na kuzalisha laktati nyingi, lakini mapaja huuma kwa sababu ya kushuka, kwa kuwa huko kwadrisepsi inarefuka huku imekaza ili kumzuia asiporomoke.

"Ukiacha mazoezi, misuli inageuka mafuta"

Haiwezi. Ni seli za aina mbili tofauti. Msuli usiotumika hukonda, na anayeendelea kula kama zamani hujaza mafuta. Mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja, basi. Wala umri si kisingizio: mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa wazee dhaifu wa umri wa miaka 90 hivi waliofanya mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki nane, na nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

"Mapafu huvuta hewa"

Mapafu hayana msuli wa kujitanua. Kinachofanya kazi ni kiwambo, yaani diaframu, msuli uliojikunja kama kuba chini ya mapafu. Ukikaza, kuba linashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Ukilegea, mapafu yanarudi yenyewe. Kwikwi ni kiwambo kukaza bila kutumwa. Na ingawa kiko kifuani, neva yake inaanzia shingoni. Ndiyo maana anayevunjika shingo sehemu za juu anaweza kushindwa kupumua hata kama kifua chake hakikuguswa.

Vigimbi navyo vina kazi isiyoonekana. Kila hatua hubana mishipa ya damu ya miguu, na vali zilizomo haziruhusu damu kurudi chini, hivyo inapanda moyoni. Askari anayesimama bila kutikisika kwenye gwaride na kuanguka, mara nyingi vigimbi vyake ndivyo vilivyonyimwa kazi.

"Msuli ukilegea, umepumzika"

Kukaza hutumia nishati, na kulegea pia. Kichwa cha miosini kilichong'ang'ania aktini hakiachii mpaka kipate molekuli mpya ya ATP, ile sarafu ya nishati ya mwili. Mtu akifa, ATP huisha baada ya saa kadhaa, na vichwa vyote hubaki vimeshika pale vilipokuwa. Huo ndio ukakamavu wa maiti. Huisha baada ya siku moja au mbili, na hata hapo msuli haujalegea: nyuzi zimeanza kuoza, zimekatika.