"Mali ikishauzwa hairudishwi": si kila mara jamani

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya wauzaji wa Mbeya, eti ukiuza kitu yuzidi mtandaoni ukaandika "mali ikishauzwa hairudishwi" basi mteja hana pa kudai. Sio kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na hayo maelezo, na mtumba nao ni bidhaa. Umeposti jaketi la soko la Mwanjelwa hapa Mbeya ukaandika zipu nzima, likapanda basi mpaka Mafinga, dada wa watu anavuta zipu meno yanaachia, hapo huo mstari peke yake haukuokoi, mrudishie hela yake au mkubaliane punguzo.

Watu wanachanganya kwa sababu kuna pale huo mstari unafanya kazi kweli, mfano mteja kabadili tu mawazo, au kasoro ulishamwonyesha akakubali. Kwahiyo piga picha ya doa, ya tobo, ya zipu ikiwa imefungwa, na chati usifute maana ndo ushahidi wako mkigombana.

Sheria yenyewe ipo mtandaoni, isome mwenyewe, na hiyo meseji tafadhali usiiforwadi, inawaponza wauzaji wachanga.