Si mvua inayoufanya mwembe utoe maua

Hapa Malindi utasikia: "Mvua ikinyesha sana, miembe itachanua." Nimelisikia neno hili tangu utotoni, lakini mambo ni kinyume. Mvua ya masika huupa mwembe majani: yale machipukizi mekundu, laini, yanayoning'inia kama kitambaa kilicholowa. Lazima kwanza yakomae, yawe magumu na ya kijani kizito. Kisha mvua ipungue, na usiku wa Julai na Agosti upoe kwa upepo wa kusi. Hapo ndipo ncha ya tawi, badala ya kutoa majani tena, hutoa shada la maua. Mvua ikizidi wakati huo, mti hurudia majani, na maua yaliyokwisha kutoka hushikwa na ukungu, yakawa meusi, yakapukutika. Inauma kuliona shada zima limeharibika hivyo.

Wengine hudai mwembe hufuata urefu wa mchana. Ipo mimea ya namna hiyo, nayo hasa hupima urefu wa giza, lakini mwembe haumo. Tena hapa karibu na ikweta, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kuliko yote haipishani hata nusu saa.

Kwa hiyo masika yakiisha, usiumwagilie maji mwembe uliokomaa mpaka uone matumba.