Kwa nini dimbwi la mzimuni hupanda na bamvua, na maji yake bado ni baridi?

Mashariki na kusini ya Unguja, kwenye nchi ya maweni, yaani ya mwamba wa matumbawe, yapo mapango ambayo chini kabisa yana dimbwi la maji. Unashuka kwa kushika mwamba, unainama, macho yanalizoea giza, na kwanza huyaoni maji kwa jinsi yalivyo mangavu. Unayajua pale mguu unapolowa. Pembeni pana chetezo cha udongo chenye majivu ya ubani, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mzizi, pengine na ganda la yai. Hapo ni mzimuni. Siku hizi pana pia chupa za plastiki na pampasi.

Waliokuwa wakichota humo waliliona jambo moja. Pwani maji yakijaa, dimbwi linapanda, yakipwa, linashuka, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ndipo inapoonekana vizuri. Kwa hiyo watu husema lipo tundu linalotoka pangoni hadi baharini. Hata pango la Mangapwani, kaskazini ya mji, ambalo nalo lina maji baridi (baridi ya kukosa chumvi, si ya friji), husimuliwa kuwa na njia ya chini kwa chini inayotokea ufukweni.

Jawabu hilo linavutia, ila chumvi inalikataa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ulimi wa mtu huanza kuistuka kloridi, ambayo ni sehemu kubwa ya chumvi hiyo, inapofika kama miligramu 250 kwa lita, na bahari ina takriban miligramu 19,000. Piga hesabu: kwenye ndoo ya lita 20, robo lita tu ya maji ya bahari, yaani kikombe kimoja, inatosha kuharibu ladha. Tundu lililo wazi lingemimina vikombe vingi kila maji yanapojaa, mara mbili kwa siku.

Wapo wanaolitetea tundu kwa kusema mwamba huchuja. Mwamba wa matumbawe unaweza kuzuia mchanga na majani, tena kwa shida, maana una nyufa za kupitisha mkono. Chumvi iliyokwisha yeyuka haichujwi hivyo. Inapopita maji, nayo inapita.

Maji yale ni ya mvua. Vijito vinavyotoka sehemu za udongo katikati ya kisiwa vikifika maweni hupotelea ardhini, na mvua ya masika inayopiga huko huko maweni haina mto wa kuipokea. Inazama papo hapo. Ikipita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, ikawa na uchachu kidogo, na uchachu huo ndio uliolila jiwe la chokaa hadi likawa pango. Chokaa iliyoliwa utaikuta imeganda ndani ya birika, na ndiyo inayofanya sabuni isitoe povu.

Ikifika chini, mvua hiyo inakuta mwamba umekwisha jaa maji ya bahari. Lita ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Ya bahari ina kama kilo 1.025. Tofauti ni gramu 25 tu, ila inatosha kuyafanya ya mvua yaelee.

Fikiria ngalawa iliyotia nanga. Maji yakijaa inapanda, yakipwa inashuka, na hakuna anayesema bahari imeingia ndani yake. Dimbwi la pangoni ni sehemu ya juu ya chombo kama hicho, chombo cha maji matupu kilichopakiwa ndani ya jiwe. Bahari inakisukuma kwa chini, nacho kinanyanyuka kizima.

Sasa fikiria jahazi la shehena, ambalo sehemu kubwa imezama. Kwa uzito tuliotaja, kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama sentimita 40 zilizo chini yake. Ukilipunguza shehena jahazi, tumbo lake hupanda. Vivyo hivyo pampu ikiteremsha maji ya juu kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 4. Kisima kinaanza kutoa maji ya chumvichumvi, na mwenye pampu anashangaa, maana kwa macho maji ni tele.

Hesabu ya 40 isichukuliwe kama msahafu. Inafaa zaidi kwenye mchanga mtulivu. Kwenye mwamba wa nyufa na mapango, bamvua huyavuruga maji, na badala ya mstari unapata tabaka la mchanganyiko.

Mji ulianza kuepukana na visima mapema: Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchem ya Bububu. Maweni waliendelea kushuka mapangoni muda mrefu baadaye. Mvyale, mlinzi wa mzimu wa kijiji, ndiye aliyekuwa na kauli juu yake, na miiko, ingawa hutofautiana kijiji kwa kijiji, inafanana: vua viatu, usifue, usiingize chombo chenye masizi, chota kwa kata. Iliwekwa kwa ajili ya mzimu, wala si kwa gramu 25. Lakini kata haiwezi kuteremsha maji kwa sentimita 10, na asiyefua dimbwini haachi sabuni. Bomba lilipofika, wachotaji waliacha kushuka, na pamoja nao ukaondoka ufagio.

Taka za pangoni hazikai pangoni. Kwenye udongo uchafu wa choo hupunguzwa njiani. Kwenye nyufa unaweza kukifikia kisima cha jirani bila kuchujwa. Kwa hiyo maji mangavu ya pangoni yachemshwe.

Kuna njia ya kupima. Simamisha kijiti chenye alama, soma kila nusu saa kwa muda wa saa 12 na nusu, huku mwenzako akisoma pwani. Kwa kawaida dimbwi litachelewa, na litapanda kidogo kuliko bahari. Lisipochelewa bado si ushahidi wa tundu, kwani ufa mpana karibu na pwani hupeleka msukumo upesi. Onja yakijaa, onja yakipwa (yaonje tu, usimeze): chumvi ndiyo itakayosema kama lipo tundu.

Wanaosafisha dimbwi lililotelekezwa wazoe taka maji yakipwa, waanze na vioo, tope walitoe kwa karai mpaka jiwe lionekane. Hapo wasimame. Wengi huchukua mtaimbo wakachimba ili maji yawe mengi, na kila mkono mmoja kwenda chini ni mkono mmoja karibu zaidi na chumvi.