Amplifaya ya ishara za mwili ni nini?

Ni saketi, siku hizi mara nyingi ndani ya chipu moja, inayopokea umeme hafifu wa moyo, misuli au ubongo na kuukuza mpaka mashine iweze kuusoma. Moyo hufikisha kama milivolti 1 juu ya ngozi. Ubongo, maikrovolti 10 hadi 100 tu. Lakini kukuza ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kutoa: chipu huchukua volti ya elektrodi moja (kibandiko cha kudaka umeme kwenye ngozi), huondoa ya nyingine, kisha hukuza tofauti peke yake.

Sababu iko ukutani. Mgonjwa aliyelala wodini Mtwara amezungukwa na nyaya za volti 230, hezi 50, na mwili wake hudaka umeme huo kama antena. Tuseme umedaka volti 1, mara elfu ya ule wa moyo. Volti hiyo ikiwa sawa kwenye elektrodi zote mbili, hufutika. Chipu nzuri huipunguza mara 100,000, ikabaki kama maikrovolti 10.

Hesabu hii huharibikia kwenye ngozi. Geli ya elektrodi moja ikikauka, ukinzani wake ukafika kiloomu 100 huku mwenzake ukiwa 10, na mlango wa chipu, yaani pale ishara inapoingilia, una ukinzani wa megaomu 10 tu, ile volti 1 huzaa tofauti ya milivolti 9. Moyo umezama! Mlango wa gigaomu 1 hushusha kosa hilo hadi milivolti 0.09. Kwa hiyo karatasi ya kipimo cha moyo ikijaa mawimbi ya hezi 50, usikimbilie kufungua mashine. Kwa joto la pwani ya kusini, anza na elektrodi: futa jasho na mafuta, bandika mpya.

Elektrodi yenyewe nayo huzalisha volti tuli, pengine milivolti 300. Ukiikuza mara 1000 ungehitaji volti 300, na chipu inalishwa 3.3; inakwama, mstari unanyooka. Dawa ni kapasita, kifaa kinachozuia volti tuli na kupitisha inayobadilika: pikofaradi 20 mlangoni, 0.2 kwenye njia ya kurudisha sehemu ya ishara kutoka mwisho wa amplifaya hadi mlangoni, na uwiano wa hizo mbili hutoa ukuzaji wa mara 100. Ili mawimbi ya polepole ya hezi 0.05 yapite, hiyo kapasita ndogo inahitaji kando yake rezista (kifaa cha kuzuia mkondo) ya omu trilioni 16 hivi. Rezista ya kawaida ya ukubwa huo haitoshei kwenye chipu, hivyo hutumika transista, swichi ndogo za umeme ndani ya chipu, zilizoachwa karibu zimezimwa.

Inabaki kelele, yaani umeme wa ovyo, ya transista zenyewe, kali zaidi kwenye masafa ya chini, huko huko ziliko ishara za mwili. Mbunifu hupanua transista za mlangoni ili kuituliza, ila kwa kiasi, maana zikizidi upana uwezo wake wa kuhifadhi chaji humeza sehemu ya ishara.