Bakteria wa kula oili unao tayari

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwenye gereji wa Uyole: "Mtaalamu, hao bakteria wa kusafisha udongo wanauzwa wapi?"

Kaka, unawakanyaga. Pseudomonas, Rhodococcus na jamaa zao wamo kwenye udongo wa kawaida, na pale oili chafu ilipomwagwa miaka nenda rudi ndipo walipozidi, kwa kuwa wanaoweza kuila ndio waliozaana. Tatizo lao ni njaa. Oili imejaa kaboni, lakini naitrojeni na fosforasi karibu hakuna, na udongo ulioshindiliwa na malori hauna hewa. Ukiwaletea wenzao wa chupa, watakufa njaa pamoja. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe nyingi zilinyunyiziwa mbolea ili bakteria wa palepale washibe.

Kwa hiyo weka pesa yako kwenye mbolea na jembe. Chimbua, tandaza juu ya turubai unene usiozidi sentimita 30, changanya samadi iliyoiva na pumba za mpunga zipitishe hewa. Kila kilo 100 za kaboni ya oili zinataka naitrojeni kama kilo 10 na fosforasi kilo 1. Hizo kilo 10 ni Urea kilo 22 hivi. Igawe mara tatu au nne. Ukiimwaga yote siku moja unawaunguza haohao unaowalisha. Geuza kila wiki. Unyevu upime kwa kiganja: udongo ushikamane bila kuchuruzika. Kugeuza ndiko watu wanakoacha mapema, na ndiko kwenye kazi yenyewe.

Sasa maneno ya mtaani ninayoyasikia. "Vumbi la mbao linatosha." Huku Mafinga na Makambako nimelisikia sana. Linanyonya oili tu, tena nalo ni kaboni, linagombania naitrojeni ileile.

"Osha kwa Omo." Oili inahamia mtaroni, kisha kwenye kisima cha jirani. Tafadhali msifanye.

"Mwezi mmoja tu." Kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai? Anza Septemba, funika mvua zikianza, hesabu miezi.

"Harufu ikiisha, panda mchicha." Hapana! Kinachonuka ni sehemu nyepesi, ambayo hutangulia kuondoka, nzito inabaki. Oili ya injini ina zinki pia, na bakteria hawali metali. Peleka sampuli maabara kabla ya kugusa mbegu.